Mara kumi, paketi 1,411

Hii ilitokea nikiwa namalizia mradi wangu wa mwisho chuoni, na mpaka leo nikikutana na namba 1,411 popote pale nacheka peke yangu.

Mradi ulikuwa wa mtandao wa sensa za wayalesi, vile vidubwasha vya betri vinavyopima joto na unyevu halafu vinapokezana data kwa redio mpaka ifike kwenye nodi kuu (nodi ni kidubwasha kimoja kwenye mtandao). Vya kushika mkononi nilikuwa navyo viwili tu na mi nilitaka 25, kwa hiyo kazi yote nikaifanyia kwenye Cooja, simyuleta, yaani programu ya kuigiza vifaa kwenye kompyuta, inayokuja na Contiki, mfumo endeshi wa vifaa vidogo. Contiki aliianzisha Adam Dunkels kule Uswidi, na raha yake ni kwamba hicho kidubwasha kinabeba IPv6, ile kanuni ya mawasiliano ya intaneti, kina anwani yake ya intaneti kama kompyuta yoyote. Cooja nayo haiigizi mtandao tu, ukichagua nodi aina ya Tmote Sky inaigiza na chipu yenyewe, MSP430, amri moja moja, yaani unaipa programu ileile ambayo ungeiweka kwenye kifaa halisi. Nodi 25 zikianza kukimbia laptopu inanguruma utadhani inataka kupaa.

Sasa chipu hiyo ina kilobaiti 48 za kuwekea programu na kilobaiti 10 za RAM, basi. Humohumo uingize IPv6, uingize RPL ya kutafuta njia, uingize 6LoWPAN ya kubana na kukatakata paketi (vifurushi vya data) maana fremu moja ya redio haizidi baiti 127 wakati IPv6 inadai njia iweze kupitisha paketi ya baiti 1,280, halafu ndo utafute pa kuweka kazi yako. Siku hiyo nakompaili, linka, ile inayounganisha vipande vyote kuwa programu moja, ikagoma, nimezidisha baiti 212. Jamani, 212! Hizo ni kama SMS moja na nusu.

Nikaanza kupunguza. Programu yangu niliijenga juu ya programu ya mfano inayokuja na Contiki yenyewe, na ndani yake kulikuwa na taima mbili, moja inahesabu dakika, nyingine inasubirisha kwa muda wa kubahatisha ndo nodi itume. Hiyo ya pili nikaiona pambo, ya nini kubahatisha wakati dakika ikifika si utume tu? Nikafuta. Nikatoa na CSMA, ile inayosikiliza kama hewa iko wazi na kurudia kutuma paketi ikipotea, nikaweka nullmac ambayo kusema kweli kazi yake ni kupitisha tu. Ikaenea, na nikajiona fundi.

Ukitoa nodi kuu zinabaki nodi 24, kila moja ujumbe mmoja kwa dakika, saa nzima, jumla 1,440. Zilizofika 1,411, karibu asilimia 98. Nikarudia mara kumi kama vitabu vinavyotaka, mara zote kumi 1,411, nikaandika kwenye ripoti kwamba matokeo ni thabiti mno, nikampelekea mwalimu msimamizi nikisubiri pongezi.

"Mara zote kumi 1,411?"

"Ndiyo mwalimu."

"Hata siku moja haikuwa 1,410?"

"Hapana mwalimu, imetulia kabisa."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mbegu ulibadilisha?"

Mbegu ndo ile namba inayoanzishia bahati nasibu zote ndani ya simulesheni. Kwenye Cooja usipoigusa inakuwa 123456, na mi sikuwahi kuigusa, sikujua hata kama ipo. Nilirudi nikachukua faili mbili za logi, yaani kumbukumbu za kilichotokea, ya kwanza na ya kumi, nikazilinganisha kwa diff, amri inayoonyesha tofauti za faili, skrini ikakaa kimya. Hakuna herufi moja iliyotofautiana. Nilikuwa sijapima mara kumi, nilipima mara moja nikapiga kopi tisa. Kutwa napanda mbegu ileile, halafu nashangaa mavuno yanafanana.

Nikaweka 123457. Zikafika 1,283. Nikaongeza moja tena, 1,190. Nikahisi jasho.

Kurudi kwenye ile ya 1,283 nikakuta nodi 9 na nodi 17 kwa pamoja zimefikisha paketi tano. Tano, saa nzima! Nikafungua ile taimulaini ya Cooja inayochora redio ya kila nodi, bluu ikituma, kijani ikipokea, nyekundu zikigongana, nikavuta karibu kwenye dakika ya saba. Bluu ya 9, bluu ya 17, zimelaliana, na kwa nodi 4 iliyo mzazi wa zote mbili, yaani inayozipokelea data na kuzisogeza mbele, nyekundu. Dakika ya nane, hivyohivyo, mahali palepale. Ya tisa, hivyohivyo. Zile mbili zilikuwa mbali, hazisikiani, kila moja inaona hewa ni yake peke yake.

Hapo ndo nikaielewa ile taima niliyoiita pambo. Nodi zote ziliwaka ndani ya sekunde ya kwanza, kila moja ikahesabu sekunde 60 kamili, na saa za kwenye simyuleta haziachani hata chembe kama saa za vifaa halisi, kwa hiyo waliogongana dakika ya kwanza wanagongana mpaka mwisho. Tena ujumbe wangu ulikuwa unakatwa vipande viwili, kimoja kikipotea cha pili hakina maana, na wa kurudia kutuma nilishamfukuza. Ile 123456 ilitokea tu kuzipanga nodi ziwake kwa kupishana, zisikanyagane.

Nikarudisha vyote viwili, taima na CSMA. Linka ikagoma palepale, kama nilivyotegemea. Safari hii nikakaa nikaangalia nini hasa kinakula nafasi, na aibu yangu ilikuwa kwenye printf, ile amri ya kuandika ujumbe kwenye logi. Kila mstari wa logi niliuandika kwa mapambo, "Habari, mimi ni nodi namba fulani, sasa hivi nimefanikiwa kutuma ujumbe wangu namba fulani", mistari kama kumi na tano hivi, na kila herufi ya hizo salamu inakaa kwenye zile kilobaiti 48. Nikazigeuza kuwa N na namba, T na namba. Ikaenea, na nafasi ikabaki.