Mama mdogo na kijana wa dumu la njano

Mama mdogo alipofika Jinja, hapa Uganda, mwezi wa nane, hata kabla ya kunikabidhi mfuko wa sato wakavu (kumletea samaki muuza dagaa, jamani!), alinipa simu yake. "Tazama hii, baba."

Ni video niliyowahi kuiona. Kijana kifua wazi amekumbatia dumu la njano la lita ishirini, anajitupa kwenye maporomoko ya Bujagali. Povu linammeza. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne, halafu anaibukia huko chini, bado kang'ang'ania dumu lake, na wazungu wanapiga makofi.

"Nipeleke hapa," akasema. "Huyu kijana ndiye aliyenitoa Mwanza."

Ningemwambia pale pale, lakini ungeanzia wapi? Mtu kalala melini hadi Bukoba, kavuka Mutukula, kabanwa kwenye basi kupitia Masaka. Hata ile duara nyeupe ya Ikweta pale Kayabwe, aliyopania kupiga nayo picha, ilimpita dirishani akiwa bado anatafuta kamera. Nikamfariji kwamba hajakosa kitu. Yale maji wanayowaonyesha watalii yakizunguka kulia upande huu na kushoto upande ule yanafuata mkono wa anayemimina. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutawala beseni.

Ila la Bujagali lilikuwa zito zaidi. Bujagali haipo.

Lilipojengwa bwawa la umeme la megawati 250 chini kidogo ya pale, mto ulipanda na mwaka 2011 ukaifunika ile miamba yote. Mwaka uliofuata mitambo ikazinduliwa. Wala si mara ya kwanza Jinja kufanyiwa hivyo. Maporomoko ya Ripon, yale mpelelezi Mwingereza Speke aliyoyaona mwaka 1862 Naili inapotoka ziwani, yalizama bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954, hili tunaloliita sasa Nalubaale. Kwa hiyo mji wetu una maporomoko mawili yanayojulikana dunia nzima, na yote mawili mvuvi anapita juu yake na mtumbwi. Mtandaoni bado yananguruma mchana na usiku.

Kesho yake nikamchukua. Kwenye mashua alikaa mbele kabisa, jaketi la kuokolea limembana shingo, simu mkononi. Nahodha, Msoga wa makamo mwenye Kiswahili cha viwandani, akazima injini katikati ya maji yaliyotulia kama uji uliopoa.

"Nnyabo, ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa chini."

Mama mdogo akainama, akachungulia. Mnandi mmoja alikuwa kwenye kisiki anakausha mbawa. Akaniangalia mimi, na nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Nahodha hakuharakisha. Akaeleza jinsi mngurumo ulivyokuwa unasikika usiku hadi kijijini kwao, na kwamba juma la kwanza baada ya kuzama watu walikosa usingizi kwa ule ukimya. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale wa madumu, siku hizi anaendesha boda. Akasema pia kwamba mahali hapa ni pa Budhagaali, mzimu wa Wasoga, na kwamba kabla ya bwawa yalifanywa matambiko ya kumhamisha. Wapo wanaosema alihama. Wapo wasiotaka hata kulisikia neno hilo.

"Mwenye mji anahamishwaje?" akauliza mama mdogo. Nahodha akacheka, ila hakujibu.

Mimi nimekaa Jinja miaka tisa na habari ya ule ukimya sikuwahi kuisikia. Nami, nakiri, kabla ya kuhamia hapa niliujua mji huu kwa picha zile zile, za povu na mitumbwi ya mpira iliyopinduka. Hakuna aliyepiga picha ya maghala ya mjini yenye majina ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972 bado yameandikwa juu ya paa. Na pale Nalubaale usithubutu kutoa simu, askari wapo.

Tulirudi kwa miguu tukila gonja la kuchoma. Jalalani karibu na soko walisimama kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara. Mama mdogo akasimama ghafla. "Hata hawa wapo? Si ndio wale wa mwaloni kwetu?" Akawapiga picha saba. Kule mtoni alipiga mbili.

Jioni nikaona kwenye kundi la ukoo kaweka ile video ya kijana na dumu, na maneno: *Nimefika salama, Mungu mkubwa.*

"Mama, mbona umeweka ya zamani?"

"Nikiwawekea yale maji ya leo," akasema, huku akiparua sato, "watasema sikuvuka hata Bukoba."