Maneno 650

Insha kuu ya Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, haitakiwi kuzidi maneno 650 wala kupungua 250. Maswali yapo saba, unachagua moja, na la saba linakuruhusu uandike mada yoyote utakayo. Nilidhani hilo ndilo rahisi. Kumbe ukiambiwa andika lolote, ndipo akili inapokauka.

Kila niliyemwomba ushauri alikimbilia ugonjwa wa baba. "Hiyo ndiyo insha yako," mshauri wa shule aliniambia, kwa wema kabisa. Anajua wasomaji wa vyuo wana marundo ya kupitia, na kilio kinashika. Nikaanza kuiandika. Nilipofika aya ya tatu nikajikuta natafuta kitenzi kizuri cha kumweleza baba akishindwa kufunga vifungo vya shati. Natafuta kitenzi! Na mwenyewe yuko chumba cha pili anakohoa, hajui kwamba huku anarembwa. Nikaifuta yote.

Sisemi anayeandika msiba wake anakosea. Wapo ambao hawana jambo la kweli kuliko hilo. Ninachokataa ni kwamba asiye na jeraha hana la kusema.

Sasa naandika kuhusu daftari la alama. Kwenye timu ya voliboli mimi si mchezaji, ni mwandika alama. Seti inakwenda hadi pointi 25, na haiishi mpaka mmoja awe mbele kwa mbili, kwa hiyo ikifika 24 kwa 24 ukumbi mzima unapiga kelele, mimi peke yangu nimekaa na penseli, siruhusiwi kushangilia. Kuna siku kocha wetu alikuja mezani kudai pointi ambayo haikuwa yetu. Nikamgeuzia daftari, nikaweka kidole kwenye mstari. Akasoma, akarudi kukaa. Insha yote inazunguka hapo. Mama aliisoma akauliza, "Ndiyo hii tu?" Ndiyo, mama, hii tu.

Zinazonichosha kweli ni zile insha fupi za "kwa nini chuo chetu?" Jibu la wengi wetu, kwamba kinatoa msaada mzuri wa ada, haliandikiki, basi unazama kwenye tovuti yao kusaka jina la kozi la kulitaja, kana kwamba uliota kuisoma tangu utotoni. Chuo Kikuu cha California afadhali: maswali manane yanayokuhusu wewe, unajibu manne, kila jibu lisizidi maneno 350.

Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema Novemba 1, na insha yangu bado ina maneno 671. "Sana" zote zimeshaondoka. Dada anataka niondoe ile sentensi ya kocha kurudi kukaa, hiyo haitoki. Nitakata maelezo ya sheria za mchezo. Anayetaka kujua seti inaishaje atatafuta mwenyewe.