Leo nimeingia kwenye duara kwa mara ya kwanza

Miezi mitatu tangu nianze kujifunza breki, yaani densi ya breakdance, na jioni hii nimethubutu kuingia kwenye duara la wachezaji, ambamo kila mmoja hucheza katikati kwa zamu. Moyo ulinidunda hadi masikioni!

Wengi wakisikia breki wanawaza kuzunguka kwa kichwa tu. Kumbe unaanza umesimama, miguu ikiuchezea mdundo, ndipo unashuka chini. Huko chini nilikwama wiki tatu kwenye hatua sita: mikono inapokezana uzito, miguu inakizunguka kiwiliwili, kila mguu na zamu yake. Ukikosea kidogo tu pa kuweka kiganja, kiuno kinagusa sakafu na mdundo umeshakupita.

Mchezo huu ulizaliwa Bronx, New York, miaka ya 1970. DJ Kool Herc aliona vijana wanasubiri kile kipande cha wimbo ambapo ngoma zinatawala, akatumia santuri mbili zinazofanana kukirefusha. Waliokichezea ndio wakaitwa b-boy na b-girl. Mwaka 2024 breki ikafika Olimpiki ya Paris; Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada wakatwaa dhahabu. Nilishangilia sana, ila kwangu mimi nyumbani kwa breki hasa ni kwenye duara.

Basi leo, aliyenitangulia alipomaliza alininyooshea mkono, yaani zamu yako. Nikaingia. Hatua ya nne nikateleza. Hakuna aliyecheka, walipiga makofi kwa kufuata ngoma mpaka nikaushika tena mdundo, nikamalizia kwa kuganda, kiwiko ubavuni, miguu yote miwili hewani.