Aliyeshika kamba nilikuwa mimi

Mkia wa kamba ukipita kwenye Grigri, kile kifaa cha kiunoni cha kubania kamba ya mwenzako anayepanda mwamba, unatoa kasauti kadogo sana, kama mtu kabofya kalamu. Nimekasikia mara moja tu maishani, na kabla sijaelewa nimesikia nini mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika hewa na mwenzangu Fundi alikuwa anakuja chini.

Nieleze vizuri maana wasiopanda miamba huwa wanadhani kamba ilikatika. Haikukatika. Kamba za siku hizi hazikatiki hovyo. Tulikuwa kwenye njia ya bolti, yaani vyuma vimefungwa kwenye mwamba vya kunasia kamba, mita 34, Fundi katangulia na kamba mpaka juu kwenye nanga, vile vyuma vya mwisho, kapitisha kamba, kaniambia nishushe, nikaanza kumshusha. Hesabu yake mtoto wa darasa la tatu anaiweza, kamba inapanda 34 inarudi 34, hapo 68, ongeza kidogo ya fundo la kiunoni, kwa hiyo kamba ya 70 inatosha kwa kubana. Na yetu ilikuwa ya 70. Yaani ILIKUWA. Miezi mitatu nyuma ncha moja ilishachakaa, ala ya nje inafumuka kwa sababu ndiyo ncha tuliyokuwa tunaangukia kila siku, nikachukua kisu cha moto nikakata kama mita nane hivi, nikayeyusha ncha mpya isifumuke, nikajipongeza kwamba mimi ni mtu wa kutunza vifaa. Sikumwambia mtu. Ile alama nyeusi ya katikati ikabaki palepale, ila sasa haiko katikati tena, inadanganya tu. Alafu chini hatukufunga fundo. Fundo moja mwishoni mwa kamba, sekunde tano, kila mwanafunzi wa siku ya kwanza anafundishwa. Grigri inabana kamba ikivutwa ghafla, lakini haiwezi kubana kamba ambayo haipo.

Alidondoka mita tano labda, kwa miguu, juu ya mawe. Alitua amesimama kabisa kama paka, alafu akakaa taratibu, akaniangalia akasema, "Kamba imeisha?" Hana hasira wala nini, kama mtu anayeuliza chumvi imeisha.

Tulikuwa sita siku hiyo. Dada mmoja tunayemwita Kamanda alikuwa kasomea huduma ya kwanza, alifika kabla mimi sijapiga hata hatua, akamlaza, akapiga magoti akakishika kichwa cha Fundi kwa mikono miwili na akasema mtu yeyote atakayemnyanyua nitampiga jiwe. Akakaa hivyohivyo mpaka waokoaji wakafika na machela yao, zaidi ya masaa mawili, magoti kwenye kokoto, habadilishi hata mkao. Mimi alinipa kazi ya kumfunika na kulegeza viatu, maana viatu vya kupandia unavaa vya kubana kusudi na mguu ulishaanza kuvimba ndani. Nililegeza. Hospitali waliishia kuvikata na mkasi na hapo ndipo Fundi akapiga kelele kwa mara ya kwanza siku nzima, eti vile viatu kavibadilishia soli wiki iliyopita.

Daktari alivyoona kisigino tu akaagiza picha za mgongo hapohapo. Nilishangaa, mgongo tena? Kumbe ndivyo ilivyo, mtu akianguka kwa miguu nguvu inaingia kisiginoni inapanda mguu mzima inaenda kugonga uti wa mgongo, kwa hiyo ukikuta cha chini kimepasuka unaangalia na cha juu. Na kweli. Kisigino cha kulia kimekuwa vipandevipande, na pingili ya kwanza ya kiunoni imepondeka. Neva zilikuwa salama, alikuwa anachezesha vidole, nikatoka nje nikatapika.

Kisigino hakikufanyiwa operesheni haraka kama nilivyodhani. Wanasubiri uvimbe upungue kwanza, la sivyo kidonda hakifungi vizuri, na dalili wanayotafuta ni ngozi kuanza kukunjamana. Basi ikawa ndiyo habari ya kundi zima. Wapandaji wanakuja wodini, hata salamu hawamalizi, wanafunua shuka, "imekunjana?" Bado. Siku ya kumi na moja ikakunjana na watu wakashangilia mpaka nesi akatufukuza. Akawekewa bamba na skrubu nane, na tangu siku hiyo anasema mguuni ana njia fupi yenye bolti nane.

Sasa mama yake. Alifika siku ya pili kutoka mbali, na wodini tulikuwa wengi tumezunguka kitanda tunaongea kwa sauti ile ya wagonjwani. Akasalimia mmoja mmoja. Alafu akauliza, "Hivi nyie wanangu, mtu akipanda huko juu, si kuna mwenzake anamshikia kamba?" Ndiyo mama. "Nani alikuwa ameshika?"

Jamani. Kimya. Fundi akafumba macho akajifanya kalala. Nikasema, "Mimi, mama." Akaniangalia muda mrefu kweli, simwoni usoni kama ana hasira au ana nini, alafu akachukua beseni la maji aliyokuwa anamfutia mwanae akanisogezea. "Haya, shika na hili." Nikashika. Nilishika lile beseni labda dakika ishirini huku anamfuta mikono, kidole kimoja kimoja, na hakuniambia kitu kingine siku ile wala siku nyingine kuhusu kamba.

Nyumbani kwake ni ghorofa ya nne na lifti hakuna. Ndugu zangu, ukitaka kuona wapandaji wanagombana wape mzigo wa kupandisha ngazi. Huyu anataka mfumo wa puli, yule anataka kumfunga kwenye machela ya kamba, mwingine kaleta karabina, zile pete za chuma za kunasia kamba, kumi na nne sijui za nini, na Fundi yuko kwenye kiti cha magurudumu pale chini na korseti yake ya mgongo anatoa maoni. Mwisho Kamanda akasema watu wanne, kiti kimoja cha kawaida, mikanda ya kupandia chini ya kiti, tembeeni. Dakika sita tukawa juu. Kila kliniki tulirudia hivyohivyo, chini na juu, mpaka tukawa wazuri kuliko tunavyopanda miamba.

Wazo la vishikizo, yale mabonge ya kushika unapopanda, lilikuwa la kijana mdogo anayetengeneza njia kwenye ukuta wetu wa ndani wa mazoezi ya kupanda. Fundi hatakiwi kukanyaga mguu wa kulia wiki kumi, hatakiwi kuinama, hatakiwi kujipinda, na choo kiko mwisho wa korido. Kijana akaja na drili na mfuko wa vishikizo vya zamani vya rangi rangi, akavifunga ukutani kuanzia kitandani hadi chooni, vikubwa vya kushika mkono mzima, na viwili vya kijani pembeni ya choo chenyewe. Korido ikawa kama chumba cha watoto. Na kwa kuwa sisi ndivyo tulivyo, njia ikapewa daraja la ugumu. Kijana alisema 5c. Fundi baada ya kuijaribu usiku peke yake na magongo akasema hapana, hii ni 7a, ngumu zaidi sana, na hatua ngumu iko kwenye kona ya bafu. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Ratiba ya zamu tuliipanga watu kumi na tisa. Wengine siwajui vizuri, walikuwa watu wa kusalimiana tu ukutani, lakini walikuja, wakafua, wakampeleka kwenye mazoezi ya viungo, wakakaa naye anapoandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, ndiyo zoezi lenyewe, A mpaka Z, kila siku, ili kifundo kisigande. Wakachanga pia, nani katoa ngapi sijui na sikuuliza.

Shida ilikuwa hadithi. Kila mgeni anaingia na hadithi ya kutia moyo na zote ni zilezile. Lynn Hill, mpandaji wa Marekani, alivyosahau kumalizia fundo lake la kiunoni kule Buoux, Ufaransa, mwaka 1989, akaanguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakampokea, na mwaka 1993 akaipanda The Nose, njia ndefu ya mwamba wa El Capitan kule Marekani, bila kujivuta kwa vifaa. Tommy Caldwell na kidole chake alichokikata kwa msumeno mwaka 2001, na 2015 yuko juu ya Dawn Wall, njia nyingine ya El Capitan hiyohiyo. Hugh Herr aliyekatwa miguu yote miwili kwa ajili ya baridi kali ya mwaka 1982 akarudi kupanda kwa miguu ya bandia aliyojitengenezea. Hadithi za kweli, nzuri sana, ila ukizisikia mara ya saba ukiwa unasubiri mtu akuletee chombo cha kukojolea zinachosha. Fundi akabandika karatasi mlangoni, "Lynn Hill ni marufuku humu ndani," na mwenye kuvunja sheria anaosha vyombo. Vyombo vilioshwa sana.

Hadithi ambayo haikuletwa ni ile ya Brad Gobright, yule Mmarekani aliyekufa El Potrero Chico, Mexico, mwezi Novemba 2019, wanashuka kwa kamba isiyo na mafundo mwishoni. Hakuna aliyeitaja mbele yangu. Nilijua wanaijua na wao walijua najua, na ule ustaarabu wao ulikuwa unaniua. Bora wangenitukana. Mzee mmoja tu, kapanda miaka zaidi ya thelathini, alinivuta pembeni akaniambia na yeye kamba ilishamwishia mkononi, ila kulikuwa na fundo, likagonga kifaa likakwama, wakacheka wakaenda kwao. "Tofauti yetu ni hiyo tu," akasema. Sikujua kama ananifariji au ananilaumu. Nadhani vyote.

Ni yeye huyo aliyeitisha watu jioni moja na tepu ya kupimia. Kamba tisa zikanyooshwa sakafuni, kila mtu na yake. Tatu tu ndizo zilikuwa na alama ya katikati katikati kweli. Nyingine zilishakatwa mwaka gani na nani hata wenyewe hawakumbuki. Fundi alikuwa kwenye simu anasikiliza, na kila kamba ikitajwa pungufu anasema "aisee", "aisee", na mimi ndiyo niliyekuwa naandika namba kwenye utepe na kubandika kwenye kila ncha, mwandiko wangu unatetemeka kama wa mtoto.

Mimi zamu zangu zilikuwa nyingi kupita za mtu yeyote. Nilikuwa nachukua na za wengine. Kama mwezi wa tatu hivi tangu ajali Fundi akaniambia, "Kaka, Jumanne uko hapa, Alhamisi uko hapa, Jumamosi uko hapa, we huna kwenu?" Nikacheka. Hakucheka. Akasema, "Lete mkono." Nikampa nikidhani anataka kunyanyuka. Akaugeuza kiganja juu akapitisha kidole gumba kwenye ncha za vidole vyangu, alafu akaweka mkono wake pembeni. Ujue mpandaji ana ngozi yake, ngumu, ina magamba, na ukiacha kupanda inatoka yote inabaki laini. Yake ilishatoka zamani, alikuwa analalamika kila siku kwamba ana mikono ya karani. Yangu ilikuwa laini vilevile.

"Tangu siku ile?"

Nilitaka kumdanganya, nilikuwa nimeshawadanganya wengine wote kwamba bega linanisumbua. Nikasema ndiyo.

"Mi nina skrubu nane," akasema. "We una ngapi?" Akachukua kalamu akafuta jina langu kwenye ratiba ya wiki mbili zote zilizofuata. Nilikasirika kweli. Nilitoka bila kuaga.

Mwezi wa sita alikuwa anatembea, anachechemea, ngazi za kushuka bado zinamtesa kuliko za kupanda. Akanipigia simu niende ukutani. Nikajua anataka kupanda kwa mara ya kwanza na anataka nimshikie, nikakaa usiku mzima napanga maneno ya kukataa. Nafika namkuta kavaa hanesi, ule mkanda wa kupandia, Grigri ishaning'inia kiunoni, chini ameweka kiti kwa ajili ya kisigino. "Vaa viatu," akasema. "Anayepanda ni wewe."

Ukuta wenyewe ni mita 15 na kamba ni ya 40, hata ungetaka isingeweza kuisha. Njia rahisi kabisa, ngazi tu ya vishikizo vikubwa. Nilipanda vizuri mpaka juu, na juu nikashika kishikizo cha mwisho na sikuweza kukiachia. Mikono ilikataa. Nilikuwa naangalia lile rundo la kamba miguuni mwa Fundi nalihesabu, nalihesabu tena, na ile tik iko masikioni. Watu kama ishirini chini, wengi ni wale wa ratiba, kila mtu kajifanya anafunga kamba za viatu.

Fundi hakuniambia nisiogope. Aliinama kwa shida, mkono mmoja haujaachia kamba, akapekua lile rundo na mkono mwingine mpaka akapata mwisho wake, akauinua juu nilione. Fundo, kubwa kama ngumi, mkia mrefu.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Haya achia basi, kisigino kinaniuma."

Alinishusha polepole kwa makusudi kabisa, anahesabu kwa sauti mita za kamba zilizobaki, kumi na tisa, kumi na nane, na mimi nimekamatia ile kamba kwa mikono miwili kama mtu wa siku ya kwanza.