Mkoko na majina yake

Mpwa wangu alipokuja Lamu kutoka Dar es Salaam, alishangaa kusikia wazee barazani wakizungumza habari za kukata mikoko, kwa kuwa mtaani kwao mkoko ni gari la kifahari. Maji yalipokupwa nikampeleka ukingoni mwa mkondo, nikamwonyesha mkoko wenyewe: mizizi iliyopinda kama matao juu ya tope, na mbegu iliyochipua ingali mtini, imerefuka kama mkuki wa kijani, ikingoja kudondoka na kujichoma matopeni.

Neno hili limezaa mengi. Jambo linapoanza kupamba moto husemwa kwamba sasa ndiyo mkoko unaalika maua, na mbwa asiye na mwenyewe, anayelala vichakani, huitwa mbwa koko. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba siku hizi mikoko limekuwa jina la msitu mzima wa maji ya chumvi, ilhali Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na zaidi ya nusu ya msitu wote uko huku kwetu Lamu. Mkandaa si mkoko, wala mshinzi, mlilana na mkomafi si mikoko kwa mtu aliyeshika shoka.

Tena mti ukishakatwa hubadilika jina kwa unene wake: ulio mwembamba kabisa ni ufito, kisha huja pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti iliyobeba dari, kwa hiyo mtu aliyelala chali chumbani mwa bibi yake akihesabu boriti alikuwa, bila ya kujua, anautazama msitu. Naona ni hasara kubwa watoto wetu kuyapoteza majina haya, kwani kila jina ni ujuzi wa kazi fulani.

Tuliporudi tulipita kwenye mchu, mti unaotoa chumvi kwa majani yake. Nikachuma jani moja, nikamwambia mpwa wangu alilambe. Alikunja uso, akaligeuza kuzitazama chembe nyeupe zilizogandia, kisha akauliza ule wa pili yake unaitwaje.