Nimetengenezewa saa inayosoma saa za kwetu, na uso wake wa kwanza niliuharibu mwenyewe

Naanza na hili maana ndo lilonichelewesha. Ukitaka saa ya mkono inayosoma Kiswahili, yani saa sita mchana isomeke sita na sio kumi na mbili, HUHITAJI kugusa mashine. Kuna jamaa alinishikilia miezi miwili eti lazima meno ya ndani yapangwe upya, eti gharama inapanda mara mbili, na mie nikaamini kwa sababu tu anavaa saa ya bei mbaya. Tofauti ni masaa sita, na masaa sita ni nusu ya mzunguko, kwisha. Sita inapanda juu, kumi na mbili inashuka chini, moja inakaa pale watu walipozoea kuona saba. Mishale inaenda vilevile, mashine haina habari kabisa.

Naishi Birmingham, naendesha basi. Na hapa kuna mtaa mzima wa masonara na mafundi saa, Jewellery Quarter, nimepita na basi miaka bila kushuka. Siku nimeshuka nikapanda ngazi nyembamba hizo mpaka nikamkuta mzee mmoja wa Kiingereza peke yake na lenzi jichoni. Nikamchorea nyuma ya bahasha: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, lisaa la kwanza likiisha ndo saa moja. Akaangalia weee, akauliza, sasa hapa kwetu mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku kwa hesabu yako, na Desemba linazama saa kumi hata haijafika, itakuwaje? Nikamwambia mzee hilo tatizo la jua lenu, sio la saa yetu. Alicheka mpaka akavua lenzi. Hapo nikajua huyu ndo fundi wangu, ile ya kwenda kulinganisha mafundi watatu kama nilivoshauriwa sikuifanya.

Mashine aliyopendekeza ni Unitas 6498, ya Uswisi, asili yake saa za mfukoni, unaitia ufunguo mwenyewe kila siku. Nzuri, lakini kale kaduara ka sekunde kanakaa chini. Na chini kwangu ni wapi? Kumi na mbili! Jamani kumi na mbili ndo saa yenyewe, asubuhi inaanzia hapo na magharibi inaingilia hapo, leo iliwe na sekunde? Nikakataa. Kumbe kuna ndugu yake, 6497, mashine ileile ila sekunde zinakaa kushoto, kwahiyo inayoliwa ni tatu. Saa tatu asubuhi niko barabarani na foleni, iliwe tu.

Ukubwa sasa. Hiyo mashine peke yake ina milimita 36.6 kwa upana, na mkono wangu ni wa mtu aliyekulia mihogo. Nikakata viduara vya boksi la konfleksi, 41, 42 na 44, nikavifunga mkononi na raba bendi, kila kimoja nikakivaa siku mbili kazini. Abiria mmoja aliniuliza kama niko salama kichwani. Lakini kile cha 44 kilikuwa kinagonga usukani nikikata kona, cha 41 hakikugonga, na hakuna mtu angeniambia hilo dukani. Fanyeni hivo, boksi ni bure.

Haya, aibu yenyewe. Mzee aliniambia nimletee mchoro wa uso ninaoutaka. Mimi nikajiona mjanja, nikachukua picha ya saa moja ya zamani ninayoipenda, ina namba za masaa ndani na kwa nje ina namba za dakika, 5, 10, 15 mpaka 60. Nikaigeuza kwenye simu, juu chini, nikanyoosha zile namba zisilale kichwa chini, nikatuma. Sita juu, safi, roho imetulia. Wiki moja baadae mzee akanipigia niko kituoni nakunywa chai, ananiuliza una hakika na namba hizi, sio kawaida. Nikamjibu kwa madaha, mzee hiyo ndo saa ya Waswahili, chonga. Akachonga. Kwa mkono, kwenye kipande cha fedha, namba moja moja, akazijaza wino mweusi.

Siku ya kwenda kuuona niliuona mzuri mpaka mwili ukasisimka. Mzee akashika mishale miwili ya majaribio, akaiweka juu yote miwili, akaniuliza taratibu, hii saa ngapi? Nikasema sita kamili. Akanisogezea lenzi. Juu ya ile sita kwenye duara la dakika imeandikwa 30. Kwa sababu niligeuza KILA KITU, na dakika nazo zikageuka, 60 iko chini kabisa imekaa na kumi na mbili. Yani saa yangu ikitimia sita kamili, inasema sita na nusu, maisha yake yote! Masaa ndo yanahama, dakika hazihami, mtoto wa darasa la pili anajua. Na mzee aliniuliza, ndo kinachouma. Uso mwingine ukachongwa, pauni mia mbili na kitu zikaenda. Ule mbovu nimeutoboa nimeuning'iniza kwenye funguo za nyumba.

Mishale ni ya chuma, rangi ya bluu, na ile bluu sio rangi ya kupaka, ni moto. Unalaza mshale kwenye kitrei chenye chenga za shaba, taa chini, chuma kinaanza kuwa njano, kahawia, zambarau, halafu kwenye digrii 300 hivi inakuja bluu ghafla, hapo unautoa. Akaniachia mmoja nijaribu. Nikatoa macho kuangalia simu kidogo tu, bluu ikaja ikapita, ukawa kijivu kama samaki wa juzi. Mzee hakusema kitu, akausugua akaanza upya. Wa pili hakunipa.

Kasha la saa, lile linalobeba mashine, ni la fedha, na hapa kitu cha fedha kikizidi gramu 7.78 hakiuzwi kama fedha bila kugongwa mihuri. Ofisi ya kupimia ya Birmingham ipo tangu 1773, na alama yao ni nanga. Mji hauna hata bahari! Mie mtu wa Tanga nikaona hii nimeandikiwa.

Jumla? Elfu tatu na ushee, sijakaa kujumlisha na msinijumlishie. Nililipa theluthi mwanzo, nyingine uso ulipokamilika, ya mwisho siku ya kuchukua, miezi tisa. Kuna aliyenishauri nilipe zote mwanzo nipewe punguzo, huyo simsalimii tena. Inakimbia sekunde saba kwa siku, basi langu linachelewa zaidi ya hapo.

Utamu wake ni kwamba msimamizi wangu akiniangalia mkono, mishale imesimama juu, anasoma kumi na mbili. Mimi nasoma sita. Saa moja, watu wawili, hakuna anayekosea.

Jumapili nikamwonesha Mama kwenye simu. Shikamoo, marahaba, nikaisogeza karibu na kamera, nikamweleza sita, nanga, moto, yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu, si ungezungusha tu ile Seiko yako masaa sita? Babu yako alikuwa anazungusha."

Nikamwambia Mama, nikizungusha, msimamizi akiangalia ataona mishale haipo sawa.

"Kwani huyo msimamizi hana saa yake?"

Nikamwambia mtandao unakatika.