Namna tulivyohesabu mauzo ya albamu ya kwaya yetu, Kampala

Ukimuuliza mwanamuziki wa Kampala albamu yake imeuza ngapi, atakujibu "nyingi sana" au "zimeisha zote". Mimi ni katibu wa kwaya inayoimba kwa Kiswahili, yenye makao Katwe. Wengi wetu ni Wakongo tulioletwa Uganda na vita, na wapo wenyeji waliojiunga nasi kwa kupenda nyimbo. Tulipotoa albamu yetu ya pili, mfadhili mmoja alikubali kutusaidia kununua vyombo, lakini kwa sharti: alitaka idadi ya mauzo ambayo mtu asiyetujua angeweza kuikagua. Waimbaji nao walikuwa wakiuliza mgao wao. Kazi ya kutafuta idadi hiyo nikapewa mimi, na kwa kuwa kwaya na bendi nyingi hapa zinakwama pale pale, naeleza nilivyoifanya.

Nilianza kwa kutafuta ofisi itakayotuthibitishia. Tuna URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ambako kazi za hakimiliki husajiliwa chini ya sheria ya 2006, na tuna UPRS, chama kilichoundwa 1985, ambacho hukusanya mirabaha pale nyimbo zinapopigwa redioni, hotelini na kwenye baa. Usajili ni jambo la lazima na sisi tuliufanya. Ila kusajili wimbo ni kuonyesha kwamba ni wako, na mirabaha ni malipo ya kupigwa kwake hadharani. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema nakala ngapi zimenunuliwa. Ofisi ya kututolea diski ya dhahabu, yaani tuzo ya albamu iliyofikisha idadi fulani ya mauzo, sikuipata. Nikaamua kujifunza wanaotoa diski hizo wanahesabuje, nichukue kanuni zao na kuacha vipimo vyao.

Vipimo vyenyewe hutofautiana kwa ukubwa wa soko. Marekani, RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki, ilianza kutoa diski ya dhahabu 1958. Wakati huo albamu iliipata kwa mauzo ya dola milioni moja, baadaye kipimo kikawa nakala 500,000. Platinamu, nakala milioni moja, ilikuja 1976, na almasi, nakala milioni kumi, ikaja 1999. Uingereza dhahabu ni 100,000. Ufaransa, ambako ndugu zetu wa Kinshasa wanapenda kupeleka kazi zao, ni 50,000. Kwaya ya Katwe haina la kufanya na tarakimu hizo.

Kilichonishika ni jambo lingine: diski ya dhahabu haiji yenyewe. Lebo, yaani kampuni iliyotoa albamu, ndiyo inayoomba, inalipia, inakabidhi vitabu vyake, na mkaguzi wa hesabu wa nje anavipitia kabla ya tuzo kutoka. Asiyeomba hapati hata kama ameuza. Mfano mkubwa ni ule mkusanyiko wa nyimbo bora za Eagles, bendi ya Marekani, albamu ya kwanza kabisa kupewa platinamu, 1976. Kwa miaka mingi rekodi yake ilisimama kwenye platinamu 29, yaani nakala milioni 29. Mwaka 2018 ikaruka hadi 38 kwa mara moja na kuipita Thriller ya Michael Jackson. Hakuna aliyeuza nakala milioni tisa kwa usiku mmoja. Hesabu ilikuwa imekaa bila kupitiwa upya tangu 2006, mpaka lebo ilipoomba ukaguzi. Niliposoma hayo nikaelewa kazi niliyopewa: nisitafute idadi kubwa, nitafute idadi ambayo kila nakala ndani yake ina karatasi yake.

Jambo la pili ni swali ambalo watu wetu hulipita haraka: nakala imeuzwa lini? Inapotoka stoo, au mnunuzi anapolipa? RIAA kwa upande wa CD na sahani za santuri huhesabu zilizopelekwa sokoni, ikitoa zilizorudishwa. Chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani, zilikuwa na njia yao. Zamani walipiga simu madukani na kuuliza nini kinanunuliwa, na muuzaji akajibu kwa anavyokumbuka au anavyopenda. Tarehe 25 Mei 1991 wakahamia mfumo wa SoundScan, uliosoma msimbo wa mistari kila CD inapopita kwa mtunza fedha. Chati ikabadilika sura mara moja. Muziki wa kantri ukapanda, rap ikapanda, na wiki chache baadaye albamu ya kundi la rap la N.W.A. ilikuwa nafasi ya kwanza. Wasikilizaji walikuwa ni wale wale. Muziki ambao wenye maduka hawakuutaja kwenye simu ulikuwa ukinunuliwa muda wote.

Vibanda vya masoko yetu ya Owino na Kikuubo havina mashine ya kusoma msimbo. Lakini kila mtu Kampala, kuanzia mama muuza matoke hadi dereva wa boda, analipa na kulipwa kwa simu. Nikaamua simu ya kwaya ndiyo itakuwa mashine yetu.

Tulipopeleka majalada kuchapwa Nasser Road, niliomba kila moja lichapwe namba yake mfululizo, kama risiti. Ndani ya jalada kuna flashi au CD, kwa sababu wazee wetu bado wana redio za CD na vijana hawana pa kuziweka. Nikanunua vitabu vya risiti vyenye karatasi ya kaboni. Muuzaji akichukua mzigo, ninaandika kutoka namba fulani hadi namba fulani, anatia sahihi, nakala moja kwake na nyingine kwangu. Fedha zinaingia kwenye laini moja tu iliyosajiliwa kwa ajili ya kwaya, na mlipaji anapofika kwenye sehemu ya kuandika sababu ya malipo, anaandika namba za majalada. Jalada nililihesabu kuwa limeuzwa pale tu vitu viwili vilipokutana: namba yake imetoka kwenye kitabu, na fedha yake imeonekana kwenye taarifa ya laini. Kimoja kikikosekana, jalada linabaki kwenye safu ya "liko kwa muuzaji", haidhuru muuzaji ni nani. Mama mmoja wa kwaya, anayeheshimiwa na sisi sote, aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeuza zote, niandikie." Nikamwomba, kwa heshima, asubiri fedha ifike. Ilifika, nikamwandikia mbele yake.

Fedha huhesabiwa inapoingia, si inapotolewa. Hili linaonekana dogo, lakini kutoa fedha kuna ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5, kwa hiyo anayehesabu noti mkononi daima atapata pungufu na kuanza kushuku wenzake. Kwaya zimevunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nakivale ilinipa kazi zaidi. Katika kambi hiyo ya wakimbizi kuna ndugu zetu wengi, na ndiko albamu ya Kiswahili inakopendwa kuliko mahali pengine popote. Mizigo ilikwenda kwa basi hadi Mbarara, kisha ikachukuliwa na vijana wawili wa kanisa. Huko wengi hulipa taslimu. Nikaweka sharti kwamba kila Jumapili baada ya ibada fedha zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, wote watie sahihi, kisha zitumwe kwa pamoja zikiwa na orodha ya namba. Orodha ilipigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Wale vijana waliifanya kazi hii kwa uaminifu ambao siwezi kuusahau.

Kisha kuna nakala za bure na nakala za jumla. Zile tulizowapa wachungaji na watangazaji wa redio ziliwekwa safu yao, nje ya mauzo. Za jumla zilileta mjadala. Mfanyabiashara mmoja alinunua boksi zima agawie wageni katika harusi ya binti yake. Je, hayo ni mauzo? Swali hili wakubwa pia waligawanyika juu yake. Mwaka 2013 Samsung ilinunua nakala milioni moja za albamu ya Jay-Z, mwanarap wa Marekani, ili kuwapa bure wateja wake. RIAA ikarekebisha kanuni zake na kumpa platinamu, Billboard ikakataa kuzihesabu kwenye chati. Mimi nilifuata njia ya kati: boksi lile limelipiwa, kwa hiyo limo, lakini kwenye mstari wake peke yake wenye jina "ununuzi wa jumla". Anayetaka kulitoa alitoe, analiona.

Upande wa mtandao ulihitaji uvumilivu wa namna nyingine. Kila rekodi inayoingia mtandaoni hupewa msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12: nchi, aliyesajili, mwaka, na namba ya rekodi. Sisi tulipewa na msambazaji wetu wa mtandaoni. Msimbo huo unafuata rekodi, haufuati wimbo. Wimbo ule ule ukirekodiwa upya kanisani mbele ya watu unapata msimbo mwingine. Na ukipakia rekodi moja kwa wasambazaji wawili, ikapata misimbo miwili, hesabu yake inagawanyika. Ndiyo maana nilisisitiza msambazaji awe mmoja na misimbo yote iandikwe kwenye daftari la kwaya, isibaki kwenye simu ya prodyuza.

Taarifa za usikilizaji huchelewa, hasa za majukwaa madogo, na huja kama jedwali refu: nchi, jukwaa, wimbo, idadi ya kusikilizwa, senti za dola. Ili kuzilinganisha na majalada nilitumia kanuni ambayo RIAA inaitumia kwa albamu tangu 2016: kusikilizwa mara 1,500 ni sawa na albamu moja. Hapo ndipo nyuso zilipobadilika kikaoni. Albamu ambayo nyimbo zake kwa jumla zimesikilizwa mara 30,000 imeuza albamu 20. Ishirini tu! Kijana wetu wa kinanda alidhani nimekosea kugawanya. Nikawaonyesha kwamba wengine ni wakali zaidi. Ufaransa, tangu 2018, inahesabu usikilizaji wa waliolipia tu, na anayesikiliza bure haingii kabisa. Uingereza inahesabu wote, lakini albamu moja hupatikana kwa kusikilizwa mara 1,000 na waliolipia au mara 6,000 na wasiolipia, na nyimbo mbili zilizovuma kuliko zote hupunguzwa nguvu ili wimbo mmoja usiibebe albamu nzima. Kwa kwaya yetu, ambayo ina wimbo mmoja unaopigwa kila harusi, kanuni ya Uingereza ingetuumiza, na nadhani ndiyo yenye haki zaidi. Anayerudia wimbo mmoja mara mia hajanunua albamu. Hata hivyo nilibaki na ya Marekani, kwa kuwa mfadhili aliijua, na kando ya kila tarakimu iliyogeuzwa niliandika ile ghafi.

Kuna eneo moja ambalo sikuliwekea tarakimu yoyote: vibanda vya kujazia nyimbo kwenye flashi. Unatoa shilingi chache, kijana anakujazia folda ya nyimbo mia, na zetu zimo. Huenda huko ndiko tunakosikilizwa zaidi. Wenzangu walitaka tukadirie, "hata kidogo tu". Nilikataa, na nikiulizwa leo nitakataa tena. Kadirio moja likiingia kwenye jedwali, mkaguzi ana haki ya kushuku mistari yote iliyobaki. Badala yake tulikwenda kuzungumza na wenye vibanda, na baadhi wakakubali kuuza albamu yetu kamili kwa bei waliyokubaliana nasi, wakituma fedha kwenye laini ile ile. Hao wameingia kwenye hesabu kama wauzaji wengine. Waliobaki hawamo.

Mwisho ukaja ukaguzi. Kanisani kwetu kuna mama mhasibu asiyeimba na asiye na ndugu kwenye kwaya. Nilimkabidhi vitabu vya risiti, taarifa za laini ya simu, majedwali ya msambazaji na majalada yaliyorudi. Yeye alichagua namba za majalada kwa kubahatisha na kuzifuata moja moja: nani alichukua, lini fedha iliingia, kiasi gani. Kisha akafanya kinyume, akachukua malipo kutoka kwenye simu na kutafuta majalada yake. Alihesabu hata majalada yaliyokuwa kabatini, kwa mkono. Alipomaliza, aliandika barua ya ukurasa mmoja akieleza alichokagua na alichokuta, akatia sahihi.

Idadi ilikuwa ndogo kuliko ile iliyokuwa ikitajwa mitaani. Kiongozi wetu wa kwaya, mzee aliyeanza kuimba Bukavu kabla sijazaliwa, aliisoma barua yote kwa sauti, akasema, "Hii ndiyo yetu." Mgao ulifanyika wiki hiyo na hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja angeweza kulifuata jalada lolote mwenyewe. Mfadhili naye aliikubali taarifa bila kuomba nyingine, na spika na kinanda vilinunuliwa.

Sasa tunaandaa albamu ya tatu. Namba za majalada zitaendelea pale za pili zilipoishia, ili zisigongane. Nakivale tumewapa kitabu chao cha risiti. Kundi la rumba la Nsambya limeniomba niwaonyeshe jedwali, na tumekubaliana waje na taarifa za laini yao ya simu tangu siku waliyoanza kuuza.